Mululuza Mgongoni mwa Okello

Old Kampala, Alhamisi, 1977

Homa haijashuka. Leo nimempaka Okello dawa mara tatu, na mara zote tatu nimejidanganya.

Tangu askari wamrudishe akiwa amevunjwa taya, mume wangu hamezi kitu. Klorokwini ya malaria hospitalini hakuna. Basi nikatwanga majani machungu ya mululuza, dawa yetu ya homa, nikayachanganya na kimiminika alichonipa jirani yetu Ssalongo, aliyekuwa akitibu ng'ombe wa serikali.

"Hii inapita kwenye ngozi, mama, na dawa inapita nayo," aliniambia. "Lakini mwoshe kwanza. Uchafu nao inaubeba."

Nilimpaka mgongoni. Baada ya dakika chache pumzi yake ikaanza kunuka kitunguu saumu. Ssalongo alisema harufu hiyo ndiyo dalili kwamba imeingia. Nilifurahi mpaka nikalia.

Jioni mwili ulikuwa unawaka vilevile. Nikamwomba Ssalongo aniambie ukweli.

"Kimiminika kimeingia, harufu ni yake," alisema, akiangalia chini. "Mululuza, sijui."

Ngozi ya mgongo imeanza kubabuka. Nilipochukua chupa tena, Okello aliushika mkono wangu, akaandika kwa kidole kiganjani: acha.

Nimeacha. Nampepea tu.