Mzimu Unaokohoa Bomani

Jumanne, 3 Mei 1949

Kupalilia wimbi tangu asubuhi. Mgongo hauna nguvu. Mvua ikatufukuza kabla hatujamaliza.

Shemeji yangu Wandera karudi kutoka sokoni Busia na habari. Mzimu wa boma la zamani la serikali umeamka. Kauona kwa macho yake, umekaa barazani. Mama mkwe akaacha kupepeta, akapiga ishara ya msalaba. Watoto wa Wandera wakajificha nyuma ya mama yao. Mimi nikamtazama Wandera tu. Mtu aliyeona mzimu hamalizi ugali wote na kuomba mwingine.

Mama mkwe kasema tena, mbele ya wote: palizi ikiisha, Wandera atanirithi niwe mke wake. Sitaki. Nimesema sitaki mpaka koo limekauka. Kwao mimi mjane, sina mtoto, nangoja nini?

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Hapa kijijini Dabani wanakisema cha sokoni, kukisoma hakuna. Mimi nilikisoma Nakuru, baba alipokuwa kazini reli. Dabani nzima wanajua sufuria yangu ina nini. Haya hawatayajua.

Alhamisi, 5 Mei

Kisimani hakuna hadithi nyingine. Ya zamani tunaijua sote: Bwana Shauri wa kwanza, yule Mzungu mkuu wa wilaya, wa viboko vya kodi, alikufa kwa homa palepale mezani. Tangu ofisi zihamie Tororo anatembea barazani na buti zake, anaita majina ya wasiolipa. Ukiitika, umekwisha.

Haya. Lakini mzimu huu mpya hauna buti. Unakohoa. Na nyayo zake zimeonekana matopeni, za pekupeku. Nikawauliza wenzangu, tangu lini Mzungu akatembea pekupeku? Wakaniambia nifunge mdomo nisiwaletee balaa. Mmoja akasema, "Wewe mjane unasema sana." Nikajitwika mtungi wangu nikaondoka.

Jumapili, 8 Mei

Kanisani. Katekista kahubiri kwamba mizimu hakuna, ni ujinga wa giza. Vizuri sana. Baada ya ibada nikamwona anazunguka kupitia kinamasi, viatu mkononi, asipite karibu na boma. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Nimepita kaburini kwa mume wangu Ojiambo. Kaburi! Tunda la mwegea lile. Alikwenda vitani Burma, mwenzake akarudi na kusema mto ulimchukua. Maiti hakuna, basi wakafanya kama inavyofanywa kwetu: wakachuma tunda refu zito, wakalifunga kwa shati lake, wakalizika mahali pake. Nililililia lile tunda mpaka sauti ikapotea. Wandera ndiye aliyefukia.

Jumatatu, 9 Mei

Samaki wangu wa kukausha wamepungua. Si panya. Panya hafungui kifuniko akakirudisha.

Na Wandera kila alasiri anakwenda kutafuta mbuzi aliyepotea. Upande wa boma. Mbuzi gani huyu anayepotea kila siku? Kijiji kizima kinaogopa kupita kule, yeye anakwenda anapiga mluzi. Nilipomuuliza alitazama chini. Mtu mzima, kuangalia vidole vya miguu yake!

Nimepiga hesabu yangu. Ama anang'oa mabati ya serikali na mzimu ndio askari wake. Ama kaweka mwanamke mle. Anamlisha samaki wangu, kisha aje anirithi mimi. Hana haya.

Jumatano, 11 Mei

Nimefungua sanduku. Shati la Ojiambo halimo. Lile la kola ya buluu. Moja lilizikwa na tunda, hili nililificha nguoni mwangu wasiligawe. Leo halimo.

Sikupiga kelele. Mke wa Wandera ananitazama kwa huruma, eti naumwa? Siumwi. Nina hasira mpaka nimeshindwa kutunga uzi sindanoni. Mwizi wa mabati ningemsamehe, mabati si yangu. Nguo ya mume wangu, hapana.

Ijumaa, 13 Mei

Nimekwenda. Mchana, mvua ya rasharasha, Wandera kaitwa kwa chifu. Nilichukua panga.

Milango ya boma imevimba kwa maji. Ndani harufu ya moshi na samaki. Samaki wangu. Niliita, toka nje nikuone, malaya we. Kikajibu kikohozi.

Mwanamume, amekaa sakafuni, anamenya muhogo. Kola ya buluu. Akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono mbele.

"Nabwire, usinikaribie."

Ni Ojiambo. Ni mume wangu. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 14 Mei

Sijalala. Nitaandika sasa.

Mto haukumchukua. Ulimtupa ukingoni mbali, akaokotwa, akalazwa hospitali ya jeshi muda mrefu na kifua. Meli ikamleta Mombasa. Akabaki huko anabeba magunia. Aliona aibu kurudi mikono mitupu. Aibu! Mimi nalilia tunda, yeye anaona aibu.

Mwishowe akaja. Alipofika Busia mtu wa kwanza aliyemjua alitupa kapu la ndizi akakimbia. Akamtafuta Wandera shambani, na Wandera akamwambia: ulishazikwa. Basi hakuvuka lango la nyumbani. Aliyezikwa akirudi ndani, watoto wa nyumba hiyo wanakwisha, mmoja mmoja. Ndivyo walivyofundishwa wote wawili, ndivyo wanavyoamini. Wandera akamficha bomani, mahali ambapo watu wanaogopa tayari, akaitia chumvi hadithi ili waogope zaidi.

Hayo nayaelewa. Wale watoto nawapenda, nimewabeba mgongoni.

Ninachoshindwa kumeza ni hiki. Nilimuuliza Ojiambo, na mimi? Akasema yeye ndiye aliyemwambia Wandera anirithi, nipate mtoto, nisizeeke bure. Amenigawa kama kuku, kutoka mafichoni. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Akakohoa, akalia. Nikaondoka, nikarudi nikampa kanga yangu ajifunike, nikaondoka tena.

Jumanne, 17 Mei

Nimemwambia Wandera kwamba najua. Tulikuwa wawili tu kwenye pamba. Alikaa chini palepale kwenye matuta akalia kama mtoto. Amebeba hili peke yake, analala na woga wa wanawe na aibu ya kunitazama mimi. Nami nilimwita mwizi, mbwa, kila jina. Sikumwomba radhi. Nilimaliza mstari wake wa palizi.

Bado nina shaka. Si na Wandera. Na Ojiambo. Je, ni tunda linalomzuia, au ni ile aibu ya Mombasa imepata pa kujificha? Nimemuuliza leo macho kwa macho. Kasema hajui. Afadhali hivyo. Angejibu haraka nisingemwamini.

Mama mkwe katengeneza pombe. Jumamosi ndiyo siku ya kurithiwa kwangu.

Alhamisi, 19 Mei

Nimeamua. Ojiambo hawezi kuingia kwangu. Mimi hakuna aliyenizika, naweza kutoka nikamfuata. Na bomani hakuna mtoto wa kufa.

Nimemwambia mama mkwe sirithiwi, narudi kwa watu wangu ng'ambo ya mpaka, Kenya. Nilingoja kelele. Hakupiga. Aliingia ndani, akatoka na chumvi imefungwa kwenye jani la mgomba, na dawa ya kifua.

"Mpe anywe ikiwa moto," akasema.

Akarudi kwenye pombe yake. Kumbe mama anajua. Tangu lini, sijui. Nyumba nzima tumefichana kitu kimoja.

Jumatano, 25 Mei

Mvua asubuhi, jua mchana. Nimefagia chumba cha Bwana Shauri, nimeanika majani ya kunde barazani. Kikohozi kinapungua. Mvua zikipungua Wandera atatuvusha ng'ambo, Ojiambo atatafuta kazi ambako hana kaburi. Leo kanyoa ndevu. Bado sijamsamehe yote, naye anajua, anachota maji bila kuambiwa.

Alasiri wanawake wa kisimani wamepita njia ya mbali, wamejikunja chini ya mitungi. Upepo ukaleta maneno yao. Wameona kanga yangu kwenye kamba.

"Yesu na Maria," mmoja akasema, "mzimu umeoa!"

Nikaangua kicheko, Ojiambo akaniziba mdomo, naye mwenyewe anacheka. Wakatupa mitungi, wakakimbia.