Amekula Askari Wawili

Jumatatu, 3 Mei 1954
Mvua tena. Kahawa ya upande wa mto tumemaliza kuipogoa. Mchana chesi na Njeru, kwenye kibaraza cha zahanati anakofunga watu vidonda. Kanishinda. Hawa Waembu! Kimeru changu humchekesha, Kiembu chake hunichosha, basi tunacheza kwa Kiswahili cha shule. Padri alitufundisha mchezo kabla ya kurudi kwao. Vipande tulichonga wenyewe kwa matawi ya kahawa niliyokata.

Nimemwambia siri yangu. Chesi ni kupogoa. Usitazame kila tawi. Anza na kula. Nikila, atakula, nikila tena, nani anakula mwisho? Fuata mpaka ubao utulie, ndipo uhesabu. Hatua isiyokula wala kutisha, kata. Njeru kacheka. Ati siku moja nitakata tawi lenye buni.

Alhamisi, 6 Mei
Amekula askari wangu wawili, wale wadogo wa mbele. Akapiga paja, akasema kwa sauti, "Nimekula askari wawili, na bado sijashiba!"

Nilicheka mpaka machozi. Homugadi mmoja, mlinzi wa serikali mwenye bunduki, alikuwa hapo akingoja dawa ya kikohozi. Hakucheka. Wagonjwa wakazidi, tukaachia katikati, zamu ya Njeru. Nyumbani nimepanga vipande kama tulivyoviacha.

Ijumaa, 7 Mei
Wamemchukua Njeru.

Homugadi kaapa kwamba alimsikia kwa masikio yake: amekula mara mbili, tena ameua askari. Siku hizi kula ni kula kiapo cha wale wa msituni wanaopigana na serikali. Hakuna anayekitaja chenyewe. Ukiulizwa "Umekula?" unajua umeulizwa nini. Sisi wapumbavu wawili tukalisahau neno hilo mchana kweupe, mbele ya bunduki. Hana ukoo huku wa kumsemea. Ana mimi tu.

Jumapili, 9 Mei
Sikwenda misa. Nimehesabu. Nikimtetea, wataniuliza nami kama nimekula. Watanichukua. Kisha watamjia Kathure, mke wangu, na shamba. Kila njia, wao ndio wanaokula mwisho. Kathure anasema nikae. Naogopa. Aibu, lakini ndivyo.

Jumatatu, 10 Mei
Nimekwenda kwenye kambi walikomfungia. Ubao kwapani.

Nilimpangia karani wa kambi vipande mezani. Huyu ni askari, analiwa hivi. Ni mti tu, bwana. Alisikiliza kwa makini, nikapata moyo. Akauliza mchezo unaishaje.

Nikasema, "Mfalme akikosa pa kwenda."

Akaandika hilo nalo. Ulimi wangu huu! Akanirudishia ubao, akanifukuza. Njeru nilimwona nyuma ya seng'enge, mdomo umevimba. Alitazama ubao, si mimi.

Alhamisi, 20 Mei
Hakuna habari. Zahanati imefungwa. Watu wanapita nyumbani kwangu bila salamu. Kahawa sijaigusa.

Jumamosi, 29 Mei
Wawira, mke wa Njeru, amefika kutoka kwao Kianjokoma, miguu imechubuka. Walimruhusu amwone kabla lori halijaondoka. Wamempeleka kambi ya mbali, huko kwenye joto. Ipi, hakuambiwa. Miaka mingapi, hakuambiwa. Njeru alipata nafasi ya kusema neno moja, na hakumwambia mkewe habari ya watoto wala ya shamba. Alisema nipewe mimi ujumbe huu: "Farasi arudi nyuma."

Mama wa watu anadhani mumewe amerukwa na akili. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mchezo. Akaniuliza, taratibu, kama ni mchezo uleule. Nikasema ndiyo. Kathure kampa uji na viazi, naye Wawira akaondoka navyo.

Jumapili, 30 Mei
Nimekaa mbele ya ubao. Farasi wake arudi nyuma. Hatua isiyokula kitu, isiyotisha mtu. Kati ya hatua zake zote nilizomwazia, hii niliikata bila kuitazama.

Nimemchezea. Kisha nimecheza yangu, na yake, na yangu. Nimetafuta pa kutokea asubuhi nzima. Hakuna. Farasi alipotoka, njia ilifunguka nyuma yake, na mfalme wangu hana pa kwenda. Nimemlaza.

Umeshinda, ndugu yangu. Ningekwambia hivyo usoni.

Kathure amekuja mlangoni kuniuliza, kwa Kimeru chetu, kama nimekula. Neno ni lile lile. Amefunika chakula, akaenda kumwangalia ng'ombe.