Mpunga wa Chungu cha Tumpe

Ikombe, Jumamosi jioni. Mvua imekatika tangu mchana, lakini ziwa bado limechafuka na mikono inaniuma kwa kupiga kasia.

Sijui nianzie wapi. Nianze na biashara, maana ndiyo inayonipa kiburi. Zamani mama na dada yangu Tumpe walifinyanga vyungu na kuvipeleka Mwaya kwa mtumbwi mmoja wa kuazima. Tangu meli ya Wadachi ianze kutia nanga pale, soko limejaa watu, nami nikashika usukani. Nimewakusanya wanawake wa ufukweni, hawa wachimbe udongo, wale wafinyange, wengine wachome. Leo tumeondoka na mitumbwi mitatu. Watu wameanza kuniita mama mwenye vyungu, na sikatai.

Tumpe hakuiona mitumbwi hiyo. Homa ilimchukua kabla masika hayajaanza. Aliacha watoto wawili, na chungu kimoja kibichi kilichokuwa kinakauka nyuma ya mlango.

Juzi tulikichoma pamoja na vingine. Nilitaka kibaki nyumbani, mama akakataa. Alisema Tumpe alikifinyanga kiuzwe, na watoto wapate kula kitakachopatikana. Huku kwetu bei ya chungu ni ujazo wake: mnunuzi anakijaza mpunga mpaka mdomoni, anakumiminia, kisha anaondoka na chungu chake.

“Mpunga wa chungu hiki uufunge peke yake,” mama aliniambia alfajiri tukipakia. “Nimewaahidi watoto. Ndicho chakula cha mwisho kutoka kwa mama yao.”

Nilimwitikia. Hata nguo ya kuufungia niliibeba, nikajifunga kiunoni.

Mwaya wanunuzi walinizonga kabla hatujamaliza kupakua. Huyu anataka cha pombe, yule anagonga kusikia kama kina ufa, mimi napokea, namimina, naita mwingine. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Chungu cha Tumpe alikichukua mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nakumbuka alipitisha kidole mdomoni mwa chungu taratibu, akasema, “Ndaga,” akishukuru. Nikampokea mpunga wake, nikaumimina guniani juu ya mpunga wa wengine, nikamwita anayefuata.

Nilikuja kugundua tukiwa katikati ya ziwa, nilipoifungua ile nguo kiunoni nijifute jasho.

Nililia nikipiga kasia. Wenzangu walidhani nimechoka, wakanipokea.

Nilifikiria kumdanganya mama. Ningechota mpunga wowote, nikaufunga vizuri, nikamkabidhi, na nani angejua? Nilifika nchi kavu nikiwa na wazo hilohilo. Lakini watoto wa Tumpe walikuwa wamekaa naye kwenye mchanga wakinisubiri, mdogo ameshika bakuli lake tayari. Nikashindwa. Nikasema nilichokifanya.

Mama aliinuka. Kisha akaingiza mkono guniani, akauzungusha mpunga kana kwamba anatafuta kitu alichokidondosha.

“Basi umo humu,” akasema. “Twanga wa humuhumu, wale.”

Nimetwanga, tumepika, watoto wamekula wakashiba. Mkubwa aliniuliza kama kweli huu ndio wa mama yao. Mama alimwitikia haraka kabla sijafungua mdomo. Yeye mwenyewe hakula hata tonge moja.

Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Gunia liko hapa karibu yangu ninapoandika. Jumatatu wanawake watakuja na vikapu kuchukua mgawo wao, kama tulivyopatana, na ni haki yao, wamefanya kazi. Mama atakuwa amekaa mlangoni, akitazama kila kikapu kinavyotoka na mpunga.

Nitawapimiaje mbele yake?