Boti Ilipita Mbele ya Mpala

Jumanne, 28 Juni 1988

Nimemaliza kuchora upya tablo, ule mupango wa proje wa ku ukuta. Ile ya zamani imeliwa na mende. Shefu Fidèle anasema muzungu wa evaliasyo, wa kupima kazi yetu, anakuja mwezi ujao, lazima akute ukuta wa biro unang'aa. Mimi muzalishaji, kazi yangu kupokea watoto, leo niko mutu wa kuchora visanduku! Eti mwandiko wangu ni muzuri.

Lakini hii tablo naipenda, nisijidanganye. Inasomwa toka chini kwenda juu, kama ngazi. Kama proje ina boti ya motere, basi mwanamuke mwenye uchungu anatolewa kijijini haraka. Kama anatolewa haraka, basi anazalia hospitali hapa Kalemie. Kama anazalia hospitali, basi hafi. Kama, basi. Kama, basi. Pembeni kuna safu ya mwisho, wanaita ipoteze: mambo ambayo proje haina nguvu juu yake. Zoruba isipige, vita isije, mafuta isikosekane ku muji.

Julienne, muke wa kaka yangu Ignace, ana mimba kubwa kule Mpala, kijiji cha ku ziwa. Wakati wa Pasaka nilimuambia: usiogope, boti iko.

Ijumaa, 1 Julai

Masista wa Mpala wameita ku foni asubuhi. Julienne! Uchungu tangu jana, na mukono wa mutoto umetangulia. Mukono! Hiyo haizaliwi kijijini. Hiyo ni kisu cha dokta.

Na boti haiko. Imetoka alfajiri — Shefu amebeba jamaa zake kwenda Moba, ku ndoa ya binamu yake. Nimesimama na foni sikioni kama mujinga. Halafu nikakumbuka: kwenda Moba lazima upite mbele ya Mpala! Nikawaambia masista: mumushushe mugonjwa ufukweni, mupunge nguo, mupige kelele. Papa Damien, pilote wetu, ana macho. Atawaona.

Watasimama. Nani hawezi kusimama?

Jumatatu, 4 Julai

Julienne amekufa. Na mutoto.

Boti imerudi muchana. Nimemukuta Damien anabandua maua ya karatasi, mapambo ya ndoa. Nikamuuliza: Papa Damien, hukuona watu pale Mpala? Hakuinua kichwa. Akasema aliona, hata alipunguza motere. "Shefu akaniambia: endelea, padri anatungoja." Basi. Akaendelea kubandua.

Sikulia. Nilirudi biro nikakaa chini ya tablo. Mistari yangu imenyooka sana!

Jumatano, 6 Julai

Shefu ameniita, akafunga mulango. Pole mama Immaculée, kifo ni cha Mungu. Halafu: muzungu atakiona kile kifo ku raporo, tukiweke wapi? Akajijibu mwenyewe — ku safu ya ipoteze. "Andika: mafuta ilikosekana ku muji."

Nikasema mafuta ilikuwako, mulienda nayo ku ndoa. Akanitazama kwa upole. Ule upole wake! Akauliza: proje ikifungwa, wamama wa vijiji vyote watabebwa na nani? Na mama yako muzee, nani atamulisha?

Nimeandika. Kwa mwandiko muzuri.

Ipoteze! Wafaransa hawajui neno lao linasema nini kwa Kiswahili. Ipoteze, ndiyo Shefu. Imepotea.

Alhamisi, 14 Julai

Muzungu amefika. Jina lake Michel. Mwembamba, miwani minene, si mutu mubaya. Amesimama mbele ya tablo anatikisa kichwa, anafurahi kama mutu aliyekuta picha ya kwao. Amesema mantiki ni nzuri, munyororo haukukatika, ni ipoteze moja tu haikutimia. Shefu anatabasamu.

Halafu akataka kuona kijiji kimoja. Akaweka kidole ku karta. Mpala.

Shefu ameacha kutabasamu.

Jumamosi, 16 Julai

Tumetoka Mpala. Naandika ndani ya boti.

Ignace alikuwa mbele ya nyumba anashona wavu. Akainuka, akamusalimia muzungu, akamusalimia Shefu. Mimi, hapana. Michel akauliza kwa Kifaransa, mimi nikageuza kwa Kiswahili: kwa nini muke wako hakufika hospitali?

Ignace akajibu polepole, macho ku ziwa.

"Umuambie tulimulaza ku mukeka, karibu kabisa na maji, ili wamuchukue upesi. Boti ikaja. Tuliona mpaka maua. Sisi wanaume tukaingia majini, maji ikatufika kifuani. Mama yake alipunga kitenge. Umuambie na wao walipunga! Walitupungia mikono. Walikuwa wanaimba. Julienne akaniuliza: wamesimama? Nikamujibu: wanageuza."

Shefu akawahi kusema kwa Kifaransa: anasema mafuta haikuwako.

Michel akanitazama mimi. Akauliza: njo vile amesema, ni kweli?

Nikasema hapana. Nikageuza yote, neno kwa neno, mpaka ile ya kupungiana mikono. Michel akavua miwani. Shefu akatelemuka kwenda ku boti bila kuaga.

Tulipokuwa tunaondoka, Ignace akaniuliza kitu kimoja tu. "Ulijua walituona wakapita?"

Nilijua.

"Tangu lini?"

Tangu boti iliporudi toka Moba. Akaokota wavu wake, akaingia ndani. Nilibaki nimesimama nje kama mugeni.

Jumatatu, 18 Julai

Michel ametafuta mahali pa kuandika ile habari. Nilimuona kwa macho yangu! Kalamu inapanda, inashuka ku visanduku vya tablo. Kazi — imefanyika, boti ilinunuliwa. Alama — iko, boti inatembea. Hakuna kisanduku cha mutu aliyeona akapita.

Mwishowe amefuta yale maneno yangu ya mafuta, akaandika palepale, safu ileile: "Boti inatumika kwa wagonjwa peke yao. Haikutimia." Akaniambia kwa sauti ya chini: samahani madame, hii njo nafasi pekee iliyopo, wakubwa wataelewa.

Wataelewa nini? Julienne bado yuko pamoja na zoruba. Kifo chake hakina mwenyewe.

Raporo inaomba awamu ya pili. Shefu ni yuleyule. Ku ukuta, mimi njo niliyenakili yale maneno ya Michel.

Jumatano, 27 Julai

Leo atelye, mukutano wa kupanga awamu ya pili. Wageni, kahawa, biskuti toka Kigoma. Nilikuwa mbele na karatasi nyeupe, nangoja kuambiwa. Shefu akasimama: "Lengo kuu: kupunguza vifo vya wamama." Nikaandika.

Foni ikalia chumba cha pili. Mpala tena. Mwanamuke kijana, Bertille, amezaa lakini damu haikatiki. Nikarudi nikamunong'oneza Shefu. Akasema tumalize safu hii kwanza. Tena boti ina kazi muchana, kutembeza wageni ku ziwa. Tutaona baadaye.

Nikaweka kalamu mezani. Watu wakanitazama. Nikachukua sindano na dawa ku kabati, nikashuka bandarini.

Damien alikuwa anatandika viti vya wageni. Nikasema: Papa Damien, Mpala. Alitupa viti juu ya gati, kimoja kimoja, akafungua kamba. Shefu akatoka anakimbia, tayi imeruka begani: mumefukuzwa, wote wawili! Na polisi itawangoja hapa! Damien akaongeza motere. Njiani alisema mara moja tu: angekuwa amegeuza boti siku ile, angefukuzwa vilevile.

Sasa tuko ufukweni Mpala. Wanamuleta. Dawa nimeivuta ku sindano tayari, naandika kwa sababu kungoja kunaniua. Naona machela ya miti inatelemuka, watu wanne, na wamama nyuma wanashika chupa, nguo, mutoto aliyefungwa kitenge. Mutoto analia — vizuri, analia!

Anayeshika mbele ni Ignace. Ameona boti. Ameniona mimi. Anaingia majini na machela, anageuka, anaita. Haniiti jina. Haniiti dada.

"Muzalishaji! Kuja ushike kichwa!"

Nashuka majini —