Mtu Asiyeumwa na Nyuki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kasulu

Jina: Pasikali Nkunzimana. Umri: miaka 46. Kazi: mkulima na mrina asali. Elimu: darasa la tano, mengine nimesomeshwa na dunia. Makazi: Rungwe Mpya.

Afande, kabla ya yote andika kwamba mimi ni mtu wa bahati. Nyuki hawaniumi, tangu nizaliwe. Wenzangu wanakwenda kurina na mwenge wa moto ili moshi uwalevye nyuki. Mimi nakwenda mikono mitupu, nawasalimia, wananipisha kama mheshimiwa.

Mnamo tarehe 19 Agosti 2025, saa nane mchana, nilirina mzinga wangu ulio kwenye mninga, kiunoni mwa kilima cha nyuma ya kanisa letu. Nikachukua sega moja nikapanda nalo hadi kileleni, taratibu, nikilamba vidole. Nimefika Dar mara mbili, Bujumbura mara moja, sijaona ghorofa la kuonyesha vile. Nchi yote ilikuwa imelala chali. Mashamba ya mihogo, mabati yakimeta kama samaki, vumbi la barabara limesimama hewani bila haraka, na mbali kabisa milima ya Burundi, alikotoka baba, ikielea. Asali ikanilegeza. Sikujua kama nimekaa au naelea na hiyo milima.

Ng'ambo ya kijito nilimwona jirani yangu Niyonkuru kwenye bustani yake ya nyanya. Akanipungia jembe, akanisalimu kwa Kirundi.

"Mwiriwe, mzee wa nyuki! Shuka na sega langu!"

"Panda ulifuate, mvivu wewe!"

Sauti zilichelewa kufika, kama za ndotoni.

Saa tisa na robo ukungu mweupe ulipanda kutoka kwenye mninga. Nikasema moyoni, ukungu wa Agosti, mzuri ulioje. Nikautazama. Haukuwa ukungu. Upepo ulikuwa umeshauteremsha moto hadi kwa mama Epifania, jirani yetu wa chini ya kilima. Niyonkuru alitupa jembe, akavuka kijito, akaupiga moto kwa matawi mabichi. Nilipofika chini, jiko la mama huyo lilikuwa limeanguka, na mihogo yake mikavu ya kula hadi Februari ilikuwa majivu.

Mama Epifania akamkaba Niyonkuru shati, uso wake umejaa majivu ya kuzima moto.

"Mbuzi wako wamemaliza maharage yangu, sasa umenichomea! Majivu haya umepakwa kanisani?"

Niyonkuru alinitazama mimi. Leo siku ya pili yuko mahabusu nyuma ya ukuta huu, namsikia anakohoa.

Nathibitisha kwamba moto ulipoanza yeye alikuwa ng'ambo ya kijito. Kwenye mninga hakufika mtu ila mimi, na mimi sibebi moto, nyuki hawaniumi. Niliyoyaona nimeyasema.

Sahihi: P. Nkunzimana

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Tunu, tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi, na nimemsomea shahidi. Alipotia sahihi nimeona mikono yake imevimba hadi viwikoni. Ameomba kuongeza. Nimemwonya kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Amesema:

Afande, nyuki wananiuma. Wananiuma kuliko wote, na bahati sina. Mwenge niliubeba, nikaukanyaga mara mbili, nikadhani umezimika, nikapanda. Mfungulieni Niyonkuru.