Jezi ya Baba

Pittsburgh, 30 Julai

Kaka Denny,

Huku ni kelele tupu. Dirisha la usajili wa besiboli linafungwa kesho jioni, na uvumi ni kwamba Marchetti, mrushaji mpira wa timu yetu, anauzwa. Jana Mjomba Walt alibwata pembeni ya kitanda cha Baba hospitalini: "Auzwe tu, mkono umeshachoka!"

Baba akafoka, "Funga mdomo, Walt! Huyo ni mtoto wa hapa!"

Unajua mkosi wake: akinunua jezi yenye jina la mchezaji, mchezaji anauzwa. Nikamuuliza jezi mpya niliyomnunulia tuandike jina la nani.

"Denny. Huyo alishaondoka."

Miaka sita wewe na Baba hamsemezani, sawa. Lakini dirisha la Baba, kasema daktari, litafungwa kabla ya Ijumaa.

Jezi iko tayari. Njoo umvalishe wewe.

Dada yako,
Loretta