Ilikuwa Jumatano

Homa Bay,
Jumapili jioni.

Mpendwa Tata,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani, wewe na Mama na wote wa hapo Rodi Kopany. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi nilichotoka nacho kambini kimeisha kabisa. Goti lako je? Dada Kemuma alipomleta mtoto kliniki hapa Homa Bay aliniambia siku hizi unapanda ngazi za dukani ukishika ukuta, na mtu akikutazama unajifanya unakagua rangi. Tumia ile dawa ya kuchua, Tata. Sikukuletea uipange kwenye rafu pamoja na bidhaa.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Simu yako imenishinda. Kila nikikupigia unaniweka kwa spika, na kabla sijamaliza kukuamkia nasikia wateja wa misumari wakinisalimu na mzee Mayaka wa kanisani akiniombea. Haya ya leo ni ya masikio yako kwanza. Nimempa Kemuma akuletee mkononi, naye ameahidi hataifungua, ingawa wote wawili tunamjua.

Kemuma ndiye aliyenipa habari za makambi ya kanisa. Anasema umeshaliweka jina langu kwenye ratiba ya Agosti, Sabato ya mwisho, alasiri, nisimame mbele ya makanisa yote ya mtaa nishuhudie jinsi nilivyoacha mafunzo ya ukomando kwa ajili ya kuitunza Sabato. Anasema umelisubiri jambo hilo kama harusi. Najua linavyokufurahisha, na ndiyo sababu mkono wangu unasita. Nitakujibu, lakini niache nifike polepole, maana nikianzia hapo unaweza kuikunja barua kabla hujajua ninafanya kazi gani.

Kazi ninayo, Tata. Mtu akiacha yale mafunzo hafukuzwi jeshini. Anarudishwa, anakaa kwenye benchi nje ya ofisi pamoja na wenzake walioshindwa, wanangoja kupangiwa kazi nyingine. Sijawahi kukaa mahali penye ukimya kama benchi lile. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika anapelekwa jikoni kumenya viazi au getini kufungulia magari ya wakubwa. Nilipoitwa ndani nilimkuta meja mmoja mwanamke, anaitwa Nyasuguta, mtu asiyecheka ovyo. Hakuniuliza kwa nini niliacha. Aliniuliza ni kitu gani ninachokifanya vizuri hata bila kuamrishwa. Nikasema kufunga kamba. Nilidhani atanitoa nje, kumbe alivuta kiti akataka nimweleze zaidi, na ndipo nikamweleza habari ya Maranga.

Huyo Maranga sijawahi kukusimulia. Tulikuwa naye mafunzoni, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyekuwa akituchekesha tulipokuwa hatuna nguvu hata ya kutafuna. Siku moja aliteleza akaanguka kwenye korongo, mguu ukavunjika. Mvua ilikuwa inanyesha na kila tulipojaribu kumpandisha kamba ililegea. Nikatumia fundo lako. Lile la turubai, ulilonifundisha utotoni juu ya lori la ndizi, linalokazwa kwa kuvuta na kufunguliwa kwa kidole. Ulikuwa ukiniambia kwamba ndizi zikifika sokoni zimepondeka, tusilaumu barabara, tumlaumu aliyefunga. Maranga alipanda hadi juu akitutukana sote kwa sauti nzuri kabisa. Sajini Okari, mkufunzi wetu, aliniuliza nimelitoa wapi fundo hilo. Nikamwambia ni la babangu, aliyekuwa akiuza ndizi. Katika mafunzo yote yale, siku hiyo peke yake ndiyo niliyolala nikiwa na furaha.

Basi meja aliposikia hayo akanipeleka kwenye timu ndogo ya uokoaji. Makao yetu ni hapa Homa Bay, na kazi yetu ni kuwafundisha wavuvi na wachimbaji namna ya kuokoana kabla msaada mkubwa haujafika. Wiki hii tuko ziwani, wiki ijayo tuko Migori, kule Osiri kwenye mashimo ya dhahabu. Nimepanga chumba kwa mama mmoja, Priscilla, anayeuza samaki wadogo wa omena. Anasema Dholuo yangu ni ya askari wa kanjo, wale wa kufukuza wachuuzi, na kwamba Mama, Mjaluo mzima, angeona haya kuolewa na Mkisii halafu akawalea watoto kwa Kiswahili tu. Mwambie Mama atafute la kujibu, mimi nimeshindwa kumtetea.

Usidhani Osiri walitupokea kwa shangwe. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wachimbaji nikawaeleza habari za mbao, ukingo wa shimo na namna ya kumfunga mtu kifuani bila kumuumiza. Mmoja wao, Ryoba, Mkuria wa kutoka karibu na mpaka wa Tanzania, alikuwa amekalia karai lake akinisikiliza kama mtu anayengoja mvua iishe aende zake. Nilipomaliza akaniuliza, "Wewe jeshi, ushawahi ingia shimo, ama unatusomea tu?" Wenzake wakavunjika mbavu. Nikavua shati nikashuka. Sitakuficha, Tata, kule chini nilitaka kurudi juu papo hapo. Hewa ni nzito, mbao zinazozuia ukuta zinalia, na ukitazama juu anga ni dogo kama sahani. Nilipotoka nilimwambia wazi kwamba nimeogopa. Akasema hata yeye huogopa kila siku, ila hajawahi kumsikia mwanajeshi akikubali. Tangu hapo tunasikizana, ingawa ubishi haukuisha. Yeye alishikilia kwamba kamba ni ya kupandishia mawe, na anayeifunga kifuani anajiitia mkosi.

Kisha kuna siku ukuta wa shimo lake uliporomoka. Nilikuwa Migori mjini, nikapigiwa simu, nikaenda mbio. Nilipofika moyo ulinirudi kidogo, kwa sababu wenzake walikuwa wamefanya yale tuliyowafundisha. Hakuna aliyekuwa amejitupa shimoni kwa pupa. Walikuwa wamelaza mbao kwenye ukingo, na umati umesukumwa mbali. Ryoba alikuwa amefukiwa hadi kifuani, anaongea. Alihitajika mtu wa kushuka na kamba, nikashuka. Tulichimba kwa mikono na kwa karai, na kila udongo ulipomwachia kidogo niliikaza kamba kwa fundo lako asizame tena. Katikati ya kazi hiyo akaniambia, "Nikifa hapa, jeshi, jua hiyo kamba ni ya mawe." Nilicheka nikiwa nalia. Alipofika juu, mkewe alinishika mikono yote miwili, nami nikalia tena mbele ya watu, sikuona haya. Ryoba sasa anatembea kwa mkongojo na anawafundisha wenzake kujifunga kifuani, utadhani yeye ndiye aliyebuni jambo hilo.

Sasa nimefika, Tata. Siku ile ya Osiri ilikuwa Sabato. Nilikuwa kanisani, nimevaa lile shati jeupe ulilonitumia, simu ikaita katikati ya lesoni ya Biblia nikatoka. Shati limekwisha. Lakini wewe mwenyewe umetufundisha mara nyingi habari ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato akatolewa, kwa hiyo hilo halinipi hofu. Ninaloliogopa ni lingine.

Sikuacha mafunzo kwa ajili ya Sabato. Niliacha siku ya Jumatano.

Hakuna aliyeninyima Sabato. Sajini Okari ni Mkatoliki, na wiki ya kwanza kabisa aliniita kando akaniambia kwamba nikitaka Jumamosi zangu, nitafanya zamu za Jumapili badala yake. Mimi ndiye niliyekataa. Sikutaka wenzangu waseme nimejitafutia pa kupumzikia. Sabato zote zile nilizimaliza na mzigo mgongoni, kwa hiari yangu, na hilo linaniuma kuliko kuacha kwenyewe. Kisha ikaja hiyo Jumatano, baada ya Maranga kupelekwa hospitali. Tuliambiwa tubebe mizigo tena. Nikakaa chini nikafungua kamba za buti. Sajini akaniuliza kama ni mguu. Nikasema hapana. Akaniuliza ni nini basi. Nikamwambia, "Sitaki tena, afande." Sikuwa mgonjwa, wala sikuonewa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimejua kwamba ukomando ule nilikuwa nikiutafuta kwa ajili yako. Ulipokuwa kijana walikukataa kwa sababu ya nyayo bapa, nami nikazaliwa na nyayo nzuri. Nilidhani hiyo inatosha kumfanya mtu komando.

Nilipokupigia kukwambia nimetoka, hukunisema, uliniaga tu kwa sauti ya chini. Kemuma alinieleza baadaye kwamba siku ileile uliitoa picha yangu ukutani dukani. Kisha ukanipigia wewe mwenyewe, ukaniuliza, "Ni Sabato, sivyo? Walikuzuia Sabato." Nikasikia sauti yako imepata nguvu tena. Sikusema ndiyo, lakini na hapana sikusema, na ukimya wangu ukaenda kuhubiriwa kanisani. Picha ikarudi ukutani. Mama peke yake ndiye aliyeniuliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia Jumatano. Akaniuliza kama nimekula. Usimlaumu. Aliona ni juu yangu kukwambia, na aliona sawa.

Ningeweza kuja makambini nikasimama, nikasema mnachotaka kusikia, tukala wali tukaagana. Lakini Kemuma anasema binti wa mzee Mayaka, yule aliyeitwa kujiunga na polisi, ameshatangaza kwamba akibanwa kidogo tu kuhusu Sabato ataondoka kama mimi Motari nilivyoondoka. Sitaki mtoto wa watu aache kazi kwa kufuata jambo ambalo halikutokea. Akiacha, na aache kwa sababu yake mwenyewe. Nisamehe, Tata. Najua nakuvua kitu ulichokuwa umekivaa kwa fahari. Picha ukitaka kuitoa tena, itoe, mpe Mama aiweke chumbani.

Lakini ukitaka nishuhudie, bado nitashuhudia. Nitawaambia ilikuwa Jumatano. Nitawaambia kwamba nilipokaa chini nilidhani maisha yangu yameisha, na kwamba kuna mtu anatembea Osiri leo kwa sababu ya fundo la ndizi, na nitamwonyesha kila mtu mahali alipoketi yule aliyenifundisha fundo hilo. Ukiona ni aibu, futa jina langu, sitakasirika. Nitakuja hata hivyo, siku ya kusimamisha hema. Lile la mwaka jana lililoiangukia kwaya ya akina mama nimeliona kwenye picha za Kemuma. Aliyelifunga hakufundishwa na wewe.

Nisalimie Mama sana, mwambie samaki aliowaagiza, Priscilla atawaleta mwenyewe, wakutane wamalizane hayo ya Dholuo. Wasalimie mzee Mayaka na wateja wote wa misumari. Lichue goti. Nitakuwa nikingoja neno lako, na ukinipigia, Tata, zima spika.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Motari Ogeto